Sajini Tuliyemwita Bibi Arusi

Iko asubuhi moja ambayo mpaka leo naiona kama ya juzi, mwanangu. Niko nyuma ya usukani wa lori la jeshi, kijana wa miaka ishirini na mitano, jasho limenishuka mpaka kwenye soksi. Mbele ya lori anatembea mtu mmoja. Anapiga hatua, anasimama, anatazama chini. Anapiga nyingine, anasimama tena. Mkononi ana kifimbo chembamba cha chuma, amekishika kwa vidole viwili kama mtu aliyepewa ua. Huyo alikuwa Sajini Parsaloi, Mmaasai wa Kisaju, mkubwa wa kikosi chetu kidogo. Kilomita nne zile tulizimaliza kwa muda ambao mtu angetoka hapa Kitengela, akafika Namanga, akanywa chai na kurudi.

Ilikuwa miaka ya tisini. Tulikuwa tumepelekwa kulinda amani katika nchi ya watu, huko mbali, ambako vita vilikuwa vimekwisha kwenye karatasi lakini mabomu yaliyozikwa barabarani hayakuwa yamepata habari. Kila njia mpya ilibidi mtu atangulie kwa miguu. Kwa cheo chake Sajini angeweza kumtuma yeyote kati yetu. Hakuwahi kumtuma mtu.

Sasa nikueleze jambo moja kuhusu askari. Askari hawezi kuishi na kitu kisicho na jina. Jeshi hukipa kila kitu namba, na namba haichekeshi mtu, kwa hiyo sisi tulikuwa tunavibatiza upya. Lori langu lilikuwa Mjamzito, kwa jinsi lilivyohema likiona mlima. Bunduki kubwa ya rashasha ilikuwa Cherehani. Redio ya mawasiliano tuliiita Mhubiri, kwa sababu ilinguruma kutwa na hakuna aliyeshika neno. Alikuwako pia kapteni mmoja, mtu mzuri tu, ambaye ukimwomba buti, ruhusa au hata dawa ya kichwa, jibu lake lilikuwa lile lile, naye akawa Kapteni Baadaye.

Usidhani majina hayo yalitolewa ovyo. Aliyetunga jina alilitaja hemani wakati wa chai. Watu wakicheka wote, anakimwagia kitu kile chai iliyobaki kikombeni, na kimebatizwa. Wasipocheka, jina limekufa, na mtungaji anaosha vikombe vya hema zima. Mkubwa hamwagiwi chai, bila shaka. Ya kwake ilimwagwa pale buti lake lilipoacha alama. Mimi vikombe niliviosha mara moja tu, na nisikufiche, kichwa kilikuwa kimenivimba.

Basi asubuhi ile, joto limenichosha na uvumilivu umeniisha, nilimgeukia koplo aliyeketi kando yangu nikasema, "Muone. Bibi arusi anaingia kanisani."

Koplo huyo alikuwa Abdi, kijana wa Garissa, rafiki yangu wa kulala hema moja. Abdi hakuwa mtu wa kucheka kidogo. Alicheka mpaka akaangusha kofia yake ya chuma miguuni, na hapo hapo akaanza kupiga vigelegele vya chini chini, kama shangazi aliyekatazwa kelele. Jioni yake nilimwaga chai kwenye alama ya buti la Sajini, hema zima likishangilia. Kufikia Jumapili kambi nzima ilikuwa inamwita Bibi Arusi.

Jina tamu halina breki. Lilivuka likaingia kambi za mataifa mengine, na huko hakuna aliyejua maana yake. Siku moja, wakati wa gwaride, ofisa mmoja wa Ulaya, mrefu, mwenye adabu zake, alifika mbele ya Sajini wetu, akampigia saluti ya nguvu na kumwamkia, "Habari ya asubuhi, Sajini Bibi Arusi!" Alidhani ndilo jina la ukoo.

Ee Mungu wangu. Watu thelathini tulisimama wima tukiuma midomo. Mimi nilijifinya paja. Abdi hakuweza. Kicheko kilimtoka puani kwanza, halafu kikamtoka chote.

Ofisa alipokwenda zake, Sajini aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hii jina nilipatiwa na nani?" Kimya. Akauliza mara ya pili. Kimya. Mara ya tatu alitupitia mmoja mmoja kwa macho, na alipofika kwangu mimi nilitazama mlingoti wa bendera kana kwamba sijawahi kuona bendera. Akarudi kwa Abdi. "Wewe ndio unacheka. Basi ni wewe." Abdi alinitupia jicho mara moja tu, akasema, "Ndio, Afande."

Abdi alitakiwa kwenda likizo wiki iliyofuata. Mkewe alikuwa amejifungua mtoto wao wa kwanza, na picha ya kitoto chenyewe ilikuwa imebandikwa juu ya kitanda chake. Likizo ikafutwa. Alikaa mpaka mwisho wa safari yetu, miezi mingi, akilinda lango. Jioni ile nilimwambia, "Nitamwambia Sajini kesho." Akasema sawa. Kesho ikafika nikasema kesho. Nilikuwa nimekuwa Baadaye wa pili, tena mbaya kuliko kapteni, na hakuna aliyenibatiza.

Tulirudi nyumbani wote wazima. Wote, mwanangu! Vikosi vingine havikusema hivyo. Abdi aliacha jeshi akaanza kuuza mbuzi katika soko la Kitengela. Miaka kadhaa baadaye Sajini naye alistaafu, na mimi nikapewa lori kumpelekea vitanda na makabati kwake Kisaju. Aliyenifungulia lango alikuwa msichana mrefu, mikono kiunoni. Salamu ya kwanza niliyopata kwake ni, "Wewe ndio dereva? Rudi nyuma, umekanyaga sukuma wiki ya mama." Nikarudi nyuma. Mpaka leo mama yako akiniambia rudi nyuma, narudi.

Msichana huyo, Naserian, binti wa Sajini, alinipenda, nami nilimpenda mpaka nikaanza kupiga pasi mashati ya kazini. Tukafikia kupeleka wazee kwao. Kwetu Ukambani aliyesimama badala ya baba yangu marehemu alikuwa Mjomba Musyoka, mzee mpole lakini wa msimamo. Mbuzi walichaguliwa na Abdi, na baada ya kuwachagua alikataa katakata kubaki. "Nimelala na wewe hema moja zaidi ya mwaka," alisema. "Nitaenda kuona nani huyo amekubali kulala na wewe maisha yote."

Nilipaswa kumwambia asije, au nimtangulie kwa Sajini niseme kweli. Sikufanya hata moja. Nilijidanganya kwamba mzee amesahau.

Tulipokelewa vizuri, salamu za Kimaasai, mikono, vicheko, blanketi na sukari vikapokelewa. Sajini alitoka kwa hatua zake zile zile, akamsalimu mjomba, akanisalimu mimi. Alipomfikia Abdi, mkono ulirudi mfukoni. "Huyu namjua," alisema. "Hawezi kuketi kwangu." Abdi aliweka tabasamu pale pale alipokuwa ameliweka, akasema, "Haina neno, Afande. Mimi nitakaa na mbuzi, ni watu wangu."

Tukaingia ndani. Chai ikaletwa. Mjomba Musyoka akaweka kiganja chake juu ya kikombe kabla hakijamiminiwa. "Mzee," alimwambia Sajini kwa heshima, "tulitoka nyumbani watu watano. Hapa tuko wanne. Kwetu hatuombi mke tukiwa nusu. Tunaingia wote, ama tunachukua mbuzi zetu tunarudi wote." Sajini akajibu kwamba nyumba ni yake, na neno lake limetoka. Wazee wawili wakatazamana. Kupitia mlango wa jikoni nilimwona Naserian ameshika birika, hajui alimimine au alirudishe.

Dirishani nilimwona Abdi. Alikuwa amechuchumaa kati ya mbuzi, anamkuna mmoja shingoni, anamwongelesha.

Mwanangu, nimeendesha lori juu ya barabara za mabomu. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa kuinuka kwenye kile kiti. Nikainuka.

"Afande, hilo jina nilitunga mimi. Abdi alicheka tu. Mimi ndio nilimwaga chai."

Sajini alinitazama kwa muda mrefu sana, akanyanyuka, akatoka nje, sisi nyuma yake. Akamwita Abdi. "Ulikuwa unajua ni huyu?"

"Nilijua, Afande."

"Na ulinyamaza?"

"Wallahi, tulikuwa hema moja. Ningemuuza aje? Nilikuwa nangoja aseme mwenyewe. Amechelewa kidogo tu."

Mzee akageuka kwangu. "Jina sikulikasirikia. Bibi wangu nilimwandikia kwa barua, akacheka, mpaka leo ananiita hivyo. Lakini niliuliza mara tatu. Kila siku mimi natembea mbele yenu, na nilitaka kujua nani yuko nyuma yangu. Ukanyamaza. Ukaacha nimuumize mtu bure." "Kutunga umetunga vizuri. Kusimama ndio hukujua."

Kisha alifanya jambo ambalo sikulitarajia. Alivua kofia yake, mtu yule mzima mwenye mvi, mbele ya watoto wake na wageni, akamwambia Abdi, "Nilikuadhibu kwa kosa si lako. Nisamehe." Abdi akaushika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili.

Nilipomwomba msamaha mimi, Abdi alinisamehe hata kabla sijamaliza. Lakini aliniambia kitu kimoja, tena akicheka: "Nilipofika nyumbani mtoto alikuwa ashaanza kutembea. Aliniona akakimbia. Siku tatu alikuwa ananikimbia, ananiita mgeni." Yeye alicheka. Mimi mpaka leo sijaweza kucheka na hilo.

Adhabu yangu ilitolewa pale pale. Sajini aliniamuru nitembee kutoka langoni mpaka mlangoni kwa mwendo wake: hatua, simama, tazama chini. Abdi alipiga vigelegele, safari hii kwa sauti yote, akina mama wa Kisaju wakaitikia, watoto wakanifuata kwa foleni, na Mjomba Musyoka akacheka mpaka akaomba kiti. Nusu ya njia nilielewa jinsi mwendo ule unavyochosha magoti. Chai ikamiminwa vikombe vitano.

Wewe na wenzako leo mna simu, na jina mnalompa mtu asubuhi linafika mbali hata kule Ewuaso Kedong kabla ya saa sita. Wapeni wakubwa wenu majina. Sitawakataza raha niliyoila mwenyewe. Ila kwanza jiulize kama mwenyewe akikuuliza utamjibu. Na ukichelewa kusema kweli, usiseme muda umepita, maana kuna mtu mahali fulani anakaa na mbuzi kwa ajili yako. Mwendee leo, kabla hajazeeka akicheka peke yake. Tena kabla hujamcheka anayekwenda polepole mbele yako, uliza anatafuta nini chini.

Mungu akupe ulimi wa kuchangamsha hema zima, mwanangu. Akupe rafiki asiyekuuza. Na siku watakapouliza ni nani aliyesema, akupe magoti ya kukuinua mara ya kwanza, ili mtoto wa mwenzako asikose baba kwa ajili ya kicheko chako.