Ramani kwenye Kitambaa cha Bibi Harusi

Nimefungua pakiti ya chaki ya mshonaji, na harufu yake ya vumbi imenirudisha kwenye meza ya mama ya kukatia nguo, kwetu Bujumbura.

Mimi na dada yangu tulikuwa na kimashine cha mchezo cha mkononi, kioo kimepasuka pembeni. Shujaa wetu alitangatanga ndani ya mahandaki yaliyojaa mazimwi, na ramani ulijichorea mwenyewe: hatua moja, mraba mmoja. Daftari la hesabu lilipojaa, tukaendelea kwa chaki ya buluu kwenye kitambaa cheupe kilichotandazwa mezani. Kilikuwa cha bibi harusi.

Mama akaingia na mkasi.

"Nani amechora hapa?"

"Ni mi, mama," dada akajibu, shingo ndani ya mabega. "Ni nyumba ya mazimwi."

Nikasubiri kofi. Mama akainama, akafuata kuta kwa kidole, polepole, kama anavyopima kitambaa kisipotee hata kipande.

"Na hapa katikati? Kuta zinazunguka, ndani munaacha bule? Mutu hawezi kupoteza kipande kikubwa hivi."

Tukampeleka shujaa pale, tukasukuma ukuta. Ukafunguka! Ndani uling'aa upanga tuliousaka wiki nzima. Tulipiga kelele mpaka fundi magari wa jirani akaja mbio na spana mkononi.

Mama akatukabidhi brashi.

"Sasa mupanguse yote." Kisha akatuzuia mkono. "Lakini huku pembeni muache kwanza. Bado naangalia."