Bafu la Saruji la Baba

Juzi mwanangu kavunja bafu la nyumba yake pale Shinyanga mjini, eti aweke vigae vipya ili nyumba ipande bei kabla hajaiuza. Kazi anaifanya mwenyewe, mafundi anasema ni wezi. Nilipopita mlangoni nikanusa saruji mbichi na maji ya sabuni yaliyolala. Nikatoka nje kutema mate. "Mama naye kwa kinyaa!" akanicheka. Mwache acheke. Wewe mwenzangu kaa hapa nikusimulie.

Miaka ile ya hamsini tulikaa upande wa Ibadakuli, baba akiwa kibarua kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Nyuma ya nyumba tulikuwa na bafu la wanawake: ua wa minyaa uliofungana hata kuku hapenyi, na ndani mawe mapana manne ya kusimamia. Juu hakuna paa. Maji yalikwenda kwenye mashina ya minyaa yakaishia huko, na harufu iliyokuwepo ilikuwa ya sabuni ya mche na majani mabichi. Jua likitua, mama na bibi waliingia na kibuyu chao, nami nikafuata. Bibi alinisugua visigino kwa jiwe mpaka nalia. Baba alioga kazini kwenye bomba, kule ndani hakutia mguu.

Asingeweza, kwa sababu bibi ndiye aliyemzaa mama, yaani kwa baba alikuwa mkwe. Kwetu Wasukuma mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Wakikaribia kukutana njiani, bibi alipinda pembeni akageukia majani. Hawakula pamoja, na pale anapovulia nguo mmoja, mwingine hapakanyagi kabisa. Bibi alikaa kwetu kwa shida tu, wanawe wa kiume walikuwa wamekufa wote. Alijengewa kibanda uani, nami nikalala naye kitanda kimoja.

Sasa baba akasikia karani wa boma anatafuta chumba cha kupanga. Basi, usingizi ukamwisha. "Nyumba isiyo na bafu la saruji ni zizi," akawa anasema asubuhi na jioni. Akaleta saruji iliyokwisha kuganda nusu, akaiponda kwa nyundo, akajifanya fundi. Lo! Mtu ambaye hata mwiko hakuwahi kuushika! Akakata minyaa yote, utomvu mweupe ukichuruzika, akang'oa na yale mawe manne akayafanya msingi. Mama akamuuliza taratibu, "Baba watoto, na mama ataoga wapi?"

"Humu humu. Lina mlango, lina komeo. Hayo mengine ni ya kizamani."

Bibi alikuwa amekaa kibandani kwake anachambua mlenda. Alisikia kila neno, akaendelea kuchambua.

Bafu likaisha, na uchafu ukaanza. Sakafu aliipima kwa macho, kwa hiyo maji hayakwenda kwenye tundu, yalikuja mlangoni. Tukawa tunayakomba kwa kopo, na mapovu yake na nywele zake, ute umeganda pembeni, ukikanyaga unateleza. Machache yaliyotoka nje yaliingia kwenye shimo alilochimba, na udongo wetu ule mweusi wa mbuga ukishashiba maji haunywi tena. Yakakaa. Yakawa ya kijani, kisha meusi, kisha yakaanza kuchezacheza funza. Ptuu! Hata leo nikisimulia mate yananijaa. Ugali ulinuka, nguo za kanisani zilinuka. Karani alikuja na suruali yake iliyonyooshwa, akafika mlangoni, akatoa leso akaziba pua. "Shukrani mzee, nitarudi," akasema. Hakurudi ng'o.

Lakini baba hakulibomoa. Aliogea humo humo kwa ubishi, kila siku, anapiga mluzi, na mama akamfuata kwa kuogopa ugomvi.

Bibi hakuingia. Mama alimbembeleza, akamwambia atalisugua kwanza kwa majivu. Bibi akamwambia, "Nikanyage alipokanyaga mkwe wangu akiwa uchi? Mayu, mwanangu, acha." Akawa anajifuta kwa kitambaa chenye maji, gizani kibandani, kidogo kidogo asilowanishe kitanda. Ilikuwa masika, joto na jasho, na yeye alikuwa mtu wa jembe. Wiki zikapita. Nami nililala naye, nasema kweli, nikawa nageukia ukutani.

Jumapili moja tumekaa jikoni tunakula, wanawake tupu, na jirani mmoja kaja kuazima ungo. Mama akaniambia nisogee karibu na bibi nimpishe mgeni. Nikakunja pua. Nikasema kwa sauti, "Sitaki, bibi ananuka."

Jirani akatazama ungo. Mama akaninasa kibao. Bibi hakunigombeza. Alisogeza kigoda chake mpaka karibu na mlango, penye upepo, akamalizia kula huko.

Asubuhi alifunga nguo zake kwenye kaniki, akasema anakwenda Ushirombo kumsalimu mtoto wa dada yake. Alinishika kichwa akapita. Baba alipopata habari kwamba bibi kaondoka alipiga nyundo lile bafu mpaka likabaki kifusi, akafukia shimo, akapanda minyaa upya kwa mikono yake, akatuma watu Ushirombo mara mbili. Bibi akawarudisha na salamu njema. Alifia huko kabla minyaa haijafika kiunoni.

Siku hizi watu wanaoga ndani, wakwe kwa wakwe, tundu moja, na hakuna anayeona haya. Sawa, dunia yao. Baba aliishi mpaka akazeeka sana, na hata alipokuwa hajui tena siku wala mwezi alikuwa akiniambia, "Mwanangu, mkwe wangu nilimfukuza mimi na saruji yangu." Nami, ambaye lile neno la jikoni sikuwahi kumwambia, nilikuwa namshika mkono, namwambia, "Yameshapita, baba."