Mraba Uliokatwa Mstari

Nilipokuwa nasomea shahada ya uzamili, profesa wetu alitufundisha huruma kwa hatua sita. Ya tatu ilikuwa kuinamisha kichwa. Tuliinamishiana vichwa katika chumba chenye feni mtaani Himbi, naye akitupa alama. Sijawahi kumdharau msomi kiasi kile.

Kazi tuliyosomea ni kuwaeleza watu magonjwa ya kurithi. Siku ya mtihani wa vitendo nilipewa familia kutoka mtaa wa Majengo: mama, mwanawe wa kiume, na mkamwana aliyembeba mtoto mgonjwa wa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Ikionekana ugonjwa umetoka kwa mkamwana, angerudishwa kwao Butembo, mtoto abaki. Profesa alikaa nyuma yangu na kalamu yake.

Mama hakungoja kuulizwa.

"Kwetu hiyi ugonjwa haiko. Njo huyu mwanamuke alikuya nayo."

Nilieleza kwamba mtoto huupata kwa kurithi pande zote mbili, kwa baba na kwa mama. Nikamwomba mume apime damu.

"Miye niko muzima," akasema, macho kwenye simu. Mwanaume mwenye ndevu zake, maneno mengine yote kamwachia mama yake.

Basi nikachukua karatasi nichore ukoo wao: mraba kwa mwanaume, duara kwa mwanamke, mstari juu ya aliyekufa. Majina hayaandikwi, ndiyo sheria. Nilimuuliza mama watoto aliowazaa. Watano, akasema.

"Na waliokufa, mama?"

Niliuliza kwa ubaya, nikitaka ajifunge mwenyewe.

"Mumoja, kijana. Mifupa ilikuwa inamuluma, macho inakuwa manjano. Tulisema wamemuroga."

Nikachora mraba, nikaukata mstari, nikamgeuzia karatasi bila hatua hata moja ya huruma.

"Mama, hizo ni dalili za ugonjwa huu huu. Inaonekana ulikuwa kwenu kabla ya hii ndoa."

Mume aliweka simu chini. Mama aliweka kidole juu ya ule mraba, akakiacha pale. Hapo nikaona haya.

"Andika jina yake," akasema.

Profesa alikohoa. Niliandika.

Alinikata alama kwa jina lile, azile mwenyewe. Mama alimtoa mtoto mgongoni mwa mkamwana wake, akamfunga mgongoni mwake mwenyewe, akamwambia mkamwana, "Twende nyumbani."