Ngazi za Flati ya Mama

Mdogo wangu nilimlea mimi, kwa vitumbua. Nilichoma, nikauza sokoni Kariakoo, akasoma hadi ng'ambo, akarudi msanifu majengo. Mimi kusoma nimejulia ukubwani, darasa la jioni.

Miaka ile ya Ujamaa nyumba za udongo zilivunjwa, serikali ikajenga flati. Moja, karibu na soko, aliichora yeye. Mama akapewa ghorofa ya tatu. Alivyoringa! "Kalamu ya mwanangu hii," anawaambia wenzake.

Akafia mle. Sisi maiti tunamwosha nyumbani, uani. Flati haina ua, na bafu lake akiingia mmoja, wa pili anasubiri nje. Jirani wa upande wa pili wa barabara, ambaye nyumba yake ya zamani haikuvunjwa, akatupatia ua wake. Vijana wakamtoa mama kwa kitanda cha kamba. Kikakwama kona ya kwanza ya ngazi.

"Inueni huko nyuma!"

"Ukuta huu, niinue niende wapi?"

"Msimsimamishe, atateleza!"

Mdogo wangu akawasukuma. Akamzungushia mama shuka, akambeba mikononi peke yake mpaka chini. Mimi nyuma, nimeshika kanga asifunuke miguu. Mtaa mzima umesimama, nikamwambia: "Umemchorea mama nyumba ya kuishi. Ya kufa hukuikumbuka? Umesomea nini wewe?"

Akasema, "Kweli, dada." Basi.

Na mimi nilijua. Flati ilipokuwa inajengwa alikuja kwangu analalamika, hata chai hakunywa: wakubwa wamembania ngazi, eti saruji haitoshi. Aligombana nao, wakamshinda. Nilijua, na bado nikasema.

Mwezi haukuisha akaacha ofisi ya michoro. Akaenda kufundisha kuchora majengo chuo cha sanaa, baadaye akawa mkuu wa chuo. Watu wakanipa hongera. Nikapokea, nifanyeje? Nilipotaka kuongeza chumba kwangu Magomeni nikamwomba anichoree. Akaniletea mwanafunzi wake. Binti anapima huku anacheka: "Mama, mkuu wetu ana vituko! Yeye kalamu hashiki, lakini kila mchoro wetu anauliza, maiti atapita wapi?"

Nikamwambia apime, aache maneno.

Kila Idi mdogo wangu alikuja. "Shikamoo, dada." "Marahaba." Tunakula, tunazungumza habari za watoto. Kila mara najiambia, leo nitamwambia kosa halikuwa lake. Nikifungua mdomo linatoka lingine: "Kula, mbona huli?" Mimi ni mkubwa, nilishazoea kuombwa radhi, si kuomba.

Akafa mwezi wa Shaabani, Idi haijafika. Alianguka chuoni asubuhi, hata hospitali hakuwahi. Kwetu wanawake hatuendi makaburini. Wanaume walipomwinua niliwafuata mpaka mlangoni, nikasema, "Mdogo wangu, kosa halikuwa lako." Wakanishika mabega, wakadhani nimechanganyikiwa. Jeneza lilikuwa limeshafika barabarani.