Wajina Hakumfaa Kiarie

Kiarie alikuwa fundi wa saa katikati ya jiji, katika ile enzi mtu alipoona haya kutembea na saa iliyosimama. Siku hizi watu hutazama simu, na mafundi wamebaki wa kuhesabika. Saratani ya damu ilimkuta huko, akatiwa dawa miezi na miezi. Ugonjwa haukubanduka.

"Mzee, jeni za seli zako za saratani zimegeuka," Daktari Kasiva alimweleza. "Dawa ikiingia, zinaitema kama mtoto aliyepewa shubiri."

"Hiyo nimerithi kwa baba. Alikuwa mbishi."

"Hukurithi. Zimegeukia humo humo ndani ya ugonjwa. Sasa tunataka uboho, ule ute wa mifupani unaotengeneza damu, wa mtu anayelingana nawe. Una ndugu wa baba na mama mmoja?"

Alikuwa na dada, Wanjira, huko Muthangari. Lakini mwanawe wa pili, aliyepaswa kimila kuitwa Njuguna kama babu yake mzaa mama, yaani baba yao, Wanjira alimwita Leroy. Tangu ubatizo ule, Kiarie hakukanyaga kwake.

Basi akaenda mtaa wa Mountain View, akarudi na kijana wa marehemu kaka yake, aliyepewa jina hilo hilo la Kiarie.

"Huyu ni mimi," alimwambia daktari. "Mpime."

Majibu yakaja: hawalingani.

"Wajina," kijana alisema, "jina tunalo, hata kipara naona kinanijia. Damu ndiyo imekataa. Nimpigie shangazi?"

"Nina miguu!"

Wanjira alifungua geti, akamtazama alivyokonda.

"Leo umepotea njia?"

Kiarie alikuwa amejipanga kuanza na habari za mvua. "Naomba uboho," akasema.

"Hata salamu hakuna?"

"Salamu baadaye. Nakufa, Wanjira."

Dada yake akachukua sweta. "Twende kabla hujanitukania watoto."

Walilingana. Kiarie alipigwa dawa kali zaidi kwanza, ndipo akatiwa uboho wa dada yake. Wiki kadhaa baadaye Daktari Kasiva alikuja akitabasamu: damu mpya ilikuwa imeshika.

"Umesikia?" Wanjira alimcheka. "Sasa umejaa damu ya mwanamke asiyejua mila."

"Afadhali," Kiarie alisema. "Ugonjwa umekutana na mbishi mwenzake."

Wanjira alimpiga kofi la mguuni, akamfunika blanketi vizuri.