Paka Aliyekolea Rangi Molo

Tangu saa moja asubuhi Bethwel alikuwa amehamisha gunia lilelile la viazi mara tatu, kutoka mlangoni hadi ukutani, kisha kurudi mlangoni. Jana dereva wa lori alimwambia kwamba mama mmoja wa Nakuru, aliyepotelewa na paka, angefika leo kumwangalia Mwalimu.

Mwalimu ni paka wa stoo ya viazi anakofanya kazi Bethwel. Miezi minane iliyopita aliruka kutoka kwenye lori tupu lililotoka Nakuru, macho ya buluu, uso umechongoka kama kabari, masikio makubwa kuliko kichwa. Bethwel, mtu wa miaka hamsini ambaye salamu zake huishia kooni, alimpa jina hilo kwa sababu hakunyamaza. Paka wengine wa Molo hulia wakisikia njaa. Huyu alilia ukichelewa kumjibu. Ukiinama, anakupanda begani. Ukitupa kiazi kidogo, anakikimbilia na kukurudishia miguuni. Na Bethwel alimjibu mchana kutwa, maneno ambayo hakuwahi kumwambia mtu.

"Kaa chini bwana, unanizungusha kichwa," alisema Cheptoo, anayechambua viazi. "Kwani anayekujiwa ni paka ama ni bibi?"

Bethwel alicheka kidogo, akalihamisha gunia mara ya nne.

Kabla ya saa sita mama akafika, amejifunga shuka kwa baridi. Aliitwa Wangare. Alitoa simu akawaonyesha picha: paka mweupe kama maziwa, uso, miguu na mkia tu ndivyo vya kahawia. Kisha akamtazama Mwalimu aliyejikunja juu ya magunia, mgongo umeiva kama chai iliyozidi majani.

"Wangu pia ni aina hii, ya Siamu," alisema polepole. "Lakini wangu alikuwa mweupe. Si huyu. Pole kwa kukusumbua, mzee."

Akageuka kwenda zake.

Moyo wa Bethwel uliruka kwa furaha, kisha ukakosa pa kutua. Alijua ndiye. Aliiona rangi hiyo ikikolea wiki baada ya wiki, baridi ya Juni ikipanda hadi ya Julai: kwanza mapaja, kisha mgongo. Tumboni tu, penye joto, ndipo palipobaki peupe kama maziwa. Angeweza kunyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi aliyoijua vizuri maisha yake yote. Mama alishafika getini.

"Mama!" Sauti ilimtoka kubwa hata Cheptoo akaangusha kiazi. "Ni baridi. Alikuja mweupe, baridi ya huku ndiyo imempaka rangi. Rudi uone tumbo."

Wangare akarudi. Akaona tumbo. "Pendo?" aliita, kwa sauti ndogo.

Paka alifungua jicho moja, kisha akaanza kulalama kama mtu aliyeachwa na gari steji. Akampanda mama begani, akaendelea kumsomea mashtaka hadi mlango wa gari ulipofungwa.

Bethwel alirudi ndani. Akalishika gunia lile, akalipeleka ukutani, akaliacha huko. Akaokota kiazi.

"Hiki nacho kimeanza kuoza," alisema, kama alivyozoea kumwambia Mwalimu.

"Kiko wapi?" Cheptoo aliuliza. "Lete nione."

Bethwel alisimama kidogo, hajui aangalie wapi. Kisha akampelekea.