Friji Lililohamia Stoo

Friji letu lilikaa sebuleni, pembeni mwa kabati la vyombo, mpaka msiba ulipotufika. Watu walikuja wengi wakakosa mahali pa kukaa, hivyo wanaume wakaliinua friji wakalipeleka stoo. Msiba ukaisha, watu wakarudi makwao, lakini friji halikurudishwa. Miguu yake ilikuwa imeacha alama kwenye sakafu ya saruji. Nikifagia, nilikuwa nazizunguka alama hizo kana kwamba kuna kitu bado kimesimama pale.

Aliyefariki ni kaka yangu. Alikuwa ananunua samaki Kirando na kuwaleta hapa Sumbawanga kwa pikipiki, na siku moja kwenye mteremko wa kwenda ziwani alipata ajali. Safari iliyotangulia ile ya mwisho alileta samaki mmoja mkubwa aina ya kuhe, wa kwetu wenyewe. Akamfunga kwa kipande cha mfuko wa salfeti, akambana juu kwenye sehemu ya kugandisha.

"Huyu asiguswe," alisema. "Nikirudi tunamla wote, mama ampike kwa karanga. Mkinitangulia nitawajua kwa harufu ya midomo."

Baada ya mazishi hakuna aliyemtoa. Kila asubuhi mama akimaliza kusali alikuwa anaingia stoo, anafungua, anaweka kiganja juu ya samaki, anafunga. Mimi nilikuwa nasikia mlango ukifunguka na kufungwa. Tuliishi hivyo mpaka mvua zikakata na mahindi yakakauka shambani.

Mwezi wa sita baridi ikashuka. Mahindi yalitoka shamba, tukapanga magunia stoo mpaka yakaligusa friji nyuma na ubavuni. Wakati huohuo mama akashusha namba ya baridi mpaka moja. Mtaani kwetu watu hufanya hivyo wakishaanza kuvaa masweta. Wengine huzima kabisa, maziwa wanayaweka dirishani.

"Baridi yote hii," mama alisema, "litumie umeme kwa kazi gani?"

Asubuhi moja alitoka stoo akanikuta nawasha jiko la mkaa. Kiganja chake kilikuwa kimelowa. Alikishika mbali na nguo, kama mtu aliyeshika rangi.

"Njoo ushike," aliniambia.

Nilishika. Mkia ulikuwa unapinda. Tumboni samaki alikuwa bado mgumu.

"Katikati bado kumeganda," nikasema.

"Bado." Alimfunika tena kwa salfeti. "Litengeneze."

Nyumbani kwetu kazi za namna hiyo ni zangu tangu nilipomaliza darasa la saba. Nabadilisha balbu, nafunga koki inayovuja. Kuongea na watu kunanichosha, na vitu havina haja ya kuongeleshwa.

Nilianza na taa ya ndani. Iliwaka, kwa hiyo umeme ulikuwa unafika. Niliweka sikio ubavuni. Mota ilikuwa kimya. Nikachomoa waya ukutani, nikayavuta magunia moja moja mpaka nikapata nafasi ya kupita nyuma. Zile nyaya za nyuma zilikuwa zimejaa vumbi na makapi ya mahindi. Nikazisugua kwa brashi kavu. Chini, karibu na mota, panya walikuwa wamejenga kiota kwa nyuzi za magunia. Wakati wa baridi hapo pana joto kidogo, nadhani walikuwa wamepapenda. Walikuwa wametafuna mpira wa mlango kwenye kona ya chini. Nilikagua waya wote kwa vidole, ulikuwa mzima. Nikauosha mpira kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, nikaukausha. Halafu nikabana karatasi mlangoni na kuivuta. Juu ilikataa kutoka. Kwenye kona iliyotafunwa ilitoka bila kuvutwa.

Mama alikuwa amekaa juu ya gunia, amejifunga kitenge mabegani.

"Linasemaje?"

Nilichomeka waya. Tukasubiri.

"Halisemi."

"Basi kamwite yule rafiki yake."

Rafiki wa kaka ni fundi wa friji, ana kibanda karibu na soko. Njiani nilijaribu maneno ya kumwambia, nikachagua machache. Nilipofika nilisema friji halishiki baridi. Akauliza kama ni lile lenye samaki. Nikaitikia kwa kichwa. Akaacha kazi aliyokuwa nayo akachukua begi lake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Ingia, lipo huku."

Hakufungua begi. Aliweka kiganja ukutani, halafu sakafuni. Stoo yetu haina dirisha, na ukuta wake hauoni jua. Alifungua mlango wa friji, akainama kutazama ile namba, akacheka kidogo.

"Mama, friji lako limeshikwa na baridi."

"Friji lishikwe na baridi? Umekuja kulitibu au kunipigia hadithi?"

"Kweli mama. Humu chini kuna kidude kinachopima baridi. Stoo yenyewe ni ya baridi, kwa hiyo kinaona kazi imekwisha, mota inalala. Ni kama mlinzi aliyekuta geti limefungwa, akaenda zake kulala. Lakini huku juu kwenye kugandisha kunategemea mota hiyohiyo. Ikilala, barafu inayeyuka. Na hii namba ndiyo imemaliza kabisa. Nani aliishusha?"

"Mimi," mama alisema.

Fundi alivua kofia yake, akaikunja.

"Hata kwetu mama anashusha kila mwaka," alisema. "Nimemwambia mpaka nimechoka."

Mama alimtoa samaki akamweka kwenye beseni, akakaa naye palepale juu ya gunia.

Tulilibeba friji mimi na fundi, wima, bila kulilaza, mpaka sebuleni. Tukaliweka juu ya alama zake, akalisogeza mbele mpaka kiganja kikapita kati yake na ukuta. Alisema tusiwashe kwanza, mafuta ya mota yatulie. Tukakaa tukilitazama. Kisha akachomeka, akapandisha namba hadi katikati. Mota iliguna, ikaanza kuzunguka. Sauti ile sikuwa nimeisikia sebuleni tangu msiba.

"Likilala na umeme, kesho linagandisha kama zamani," fundi alisema. "Ule mpira nitatafuta mwingine."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na beseni.

"Na huyu?"

Fundi alinitazama mimi.

"Akishayeyuka harudishwi," nikasema. Mama mwenyewe ndiye aliyenifundisha hivyo.

"Nimemuuliza fundi."

"Ndivyo mama, kama alivyosema mdogo wangu." Aliinama akanusa. "Bado mzuri. Leo analiwa. Kesho siwezi kusema."

Mama alimtazama samaki kwa muda mrefu. Nilifikiri atalia. Aliniambia nilete kisu, na nitwange karanga.

Fundi aliinua begi lake.

"Kaa," mama alimwambia. "Alisema tunamla wote."

Tulikula sebuleni, watatu, na ugali wa ulezi. Nilitafuna na kumeza. Sikupata ladha yoyote. Nilikuwa natarajia kwamba itakuja, lakini haikuja.

"Amekauka pembeni," mama alisema.

"Angekuwepo angesema umezidisha chumvi," fundi alisema.

"Angesema. Halafu angeramba sahani."

Fundi alitabasamu akiwa anatazama chini. Mama alitoa nyama ya shavuni, sehemu aliyokuwa anaipenda kaka, akaishika kidogo, akaiweka kwenye sahani yangu. Nikaila.

Fundi alipoondoka nilifuta sehemu ya kugandisha kwa maji ya limau, nikatandika karatasi mpya. Mama alikuwa anasugua sufuria uani. Jua lilipoanza kushuka aliita kutoka huko.

"Linaganda?"

Nilifungua. Ukutani kulikuwa na weupe mwembamba, nikiupitishia kidole unafutika.

"Limeanza."

"Weka kitu ndani. Lisikae bure."

Nilijaza maji kwenye kikombe cha bati, nikakiweka pale alipokuwa samaki. Nikafunga mlango, nikausukuma kwa goti ile kona ya chini mpaka ukashika.